Tarehe ya Kufa Ndani ya Skripti

Bahari inapokupwa hapa Kibuyuni wakati wa bamvua, akina mama huteremka mapema kwenye mashamba yao ya mwani, wakapita baina ya vigingi na kamba zilizofungwa vishada, na jua linapopanda hurejea na magunia, maji yakiwachuruzika mabegani, wakaelekea penye chanja za kukaushia. Na baada ya siku kadhaa mwani huo, ukiisha kukauka, hupimwa kwa kilo, likaandikwa jina la mwenyewe na uzito wa mzigo wake, kisha ukangoja lori la mnunuzi. Hesabu hiyo kwa miaka iliandikwa katika daftari lenye jalada gumu. Siku hizi viko vikundi vyenye laptopu moja, aghalabu kuukuu, na kijana mmoja wa mtaani aliyejifunza kompyuta Ukunda au Mombasa, ambaye amewatungia skripti ndogo ya kujumlisha kilo, kuzizidisha kwa bei, na kutoa hesabu ya malipo ya kila mmoja. Nami nilikuwa kijana wa namna hiyo, ingawa ujana wenyewe sasa naudai kwa mdomo tu.

Wale walionifuata katika kazi hii hunijia na swali moja, wakaliuliza kwa sauti ya chini mfano wa watu waulizao habari za uganga: "Ami, nifanyeje ili programu yangu ife yenyewe siku fulani?" Muradi wao ni kwamba skripti waliyoiandika kwa Python, au kwa PowerShell, au kwa bash, wameifungasha ikawa faili moja inayojiendesha kwa kubofywa mara mbili, wakamkabidhi mteja, na sasa wangependa faili hiyo iwe na ajali yake, kwa maana ya asili ya neno hilo, yaani muda uliokadiriwa, ambao ukitimia haitafunguka tena mpaka wao wenyewe waihuishe. Kazi ya kuitia tarehe hiyo ni nyepesi. Mistari minne ya msimbo yatosha, na kijana mwenye akili huiandika kabla chai haijapoa. Ugumu uko katika mambo yaizungukayo mistari hiyo minne, nami niliyajua kwa kuaibika, na kwa kuwa aibu ni yangu mwenyewe sioni ubaya wa kuieleza.

Mwishoni mwa mwaka 2022 nilikiandikia kikundi kimoja skripti ya PowerShell ya kupimia mwani, nikaifungasha kwa PS2EXE, na kwa sababu bei waliyopatana na mnunuzi ilikuwa ya nusu mwaka, nikaitia ndani yake ukomo ambao kwangu mimi ulikuwa tarehe 3 Julai 2023. Niliuandika kama tunavyoandika sote katika nchi hii, siku ikitangulia mwezi: 03/07/2023. Sikujua ya kuwa PowerShell, inapogeuza maneno kuwa tarehe kwa njia ile ya mkato niliyoitumia, haitazami kabisa desturi ya nchi iliyowekwa katika kompyuta, bali hufuata desturi moja isiyobadilika popote, nayo hutanguliza mwezi kama wafanyavyo Wamarekani. Na hivyo Julai yangu ikawa tarehe 7 Machi. Siku hiyo ilikuwa Jumanne, mwezi mpevu, katikati ya Shaabani, na lori la mnunuzi lilikuwa limewasili tangu asubuhi. Magunia yalikuwa yamepangwa mbele ya mzani. Mweka hazina akabofya mara mbili. Kikatokea kidirisha chenye maneno mawili ya Kiingereza niliyoyaandika kwa haraka, kisha kikajifunga. Akabofya tena, hali ikawa ile ile. Mimi nilikuwa Mombasa, na simu yangu imekwisha moto. Bibi mmoja, ambaye ndiye aliyekuwa katibu kabla ya kompyuta kuja, akaagiza daftari la zamani liletwe, akaandika kwa kalamu mpaka alasiri, na wala hakukosea kilo moja.

Niliporejea nilimkuta ametulia, na utulivu wake ukanichoma kuliko matusi. "Mwanangu," aliniambia, "hata maziwa ya pakiti dukani yana tarehe yake juu ya karatasi, mtu huisoma kabla hajatoa pesa. Hii yako uliiandika wapi?" Sikuwa na jawabu. Usiku ule nilifungua kalenda, nikaona jambo la pili lililozidi kunifedhehesha: hata tarehe 3 Julai niliyoikusudia ilikuwa siku ya mwezi mpevu. Kama ningeandika vilivyo, ningewafungia mlango bamvua nyingine vile vile.

Swali la bibi yule ndilo ninalowarudishia vijana kabla sijawaonyesha mstari wowote wa msimbo. Tarehe ya mwisho ni sharti la mapatano, na sharti huwa halali pale pande zote mbili zinapolijua. Likifichwa na upande mmoja, hata nia yake ikiwa njema, limekwisha kuwa mtego. Watu wetu si wageni wa vitu vyenye muda. Kwa miaka mingi walinunua bando za intaneti zilizokufa saa sita za usiku zikiwa bado zimesalia, wakanung'unika, lakini waliziona tarehe zake katika ujumbe wa simu. Na mwaka 2019 Safaricom ilipoleta bando zisizo na kikomo cha muda, wengi walifurahi, na wengine wakaendelea kununua zile za siku moja kwa kuwa ni rahisi. Mtu akiambiwa mapema huchagua. Yule bibi hakukasirishwa na kuwapo kwa ukomo, maana katika maisha yake amepanga nyumba, amekodi mashua, amekopa kikundini, na vyote hivyo vina muhula wake. Alikasirishwa na kutoambiwa.

Basi jiulize kwanza kwa nini unataka programu ife. Ziko sababu nzuri. Umempa mtu aijaribu mwezi mmoja kabla hajainunua: hiyo ni haki yako. Hesabu iliyomo ndani imesimama juu ya jambo linalobadilika, mathalani bei ya kilo, au kiwango cha makato, au sura ya fomu inayotakiwa ofisini, na wewe unahofia kwamba mwakani watu watalipwa kwa bei ya mwaka jana: hiyo, kwa rai yangu, ndiyo sababu iliyo bora kuliko zote, kwa kuwa ukomo wa namna hiyo humlinda mtumiaji zaidi ya unavyomlinda mwandishi. Au umetoa toleo la majaribio lenye makosa unayoyajua, nawe hutaki lizagae katika fleshi za watu mpaka Vanga na Lunga Lunga, likaja kukulaumu baada ya miaka mitano.

Iko sababu nyingine ambayo vijana huitaja mwisho, hali ndiyo iliyowaleta: mteja huenda asilipe. Hapa nawasihi waende polepole. Deni hudaiwa kwa mdomo, kwa barua, kwa mzee wa mtaa, na ikibidi kwa mahakama. Kulidai kwa kuzima chombo ambacho mtu anakitegemea kwa riziki yake, bila ya jambo hilo kuwamo katika mapatano, kwaweza kukugeuza kutoka mdai ukawa mshitakiwa. Kenya ina sheria ya mwaka 2018 juu ya matumizi mabaya ya kompyuta na uhalifu wa mtandaoni, na miongoni mwa makosa inayoyataja ni kuingilia mfumo wa kompyuta bila idhini. Na idhini maana yake ni kwamba mwenye mfumo alijua na akakubali. Kule Marekani, katika jimbo la Pennsylvania, fundi mmoja wa mkataba, David Tinley, aliiandikia Siemens majedwali ya hesabu yenye skripti ndani yake, akatia humo kwa siri masharti ya tarehe yaliyoyafanya yaharibike baada ya muda, ili kila yaharibikapo aitwe ayatengeneze na alipwe. Alikiri mahakamani mwaka 2019, akahukumiwa kifungo cha miezi sita na faini ya dola 7,500. Nawaomba wasomaji watambue kwamba kwa upande wa msimbo, alichokifanya hakitofautiani sana na kile ninachokwenda kukieleza. Tofauti ilikuwa katika siri.

Kwa hiyo sharti la ukomo liandikwe mahali pawili kabla halijaandikwa mahali pa tatu: kwanza katika karatasi ya mapatano, kwa Kiswahili ambacho mweka hazina atakisoma bila mkalimani, pili katika uso wa programu yenyewe, kila inapofunguliwa, ndipo liandikwe katika msimbo.

Sasa nije kwenye msimbo. Tarehe iandikwe mwaka kwanza, kisha mwezi, kisha siku, hivi: 2026-07-08. Namna hii haina utata katika nchi yoyote, na ina fadhila nyingine, kwamba ukizipanga tarehe zilizoandikwa hivyo kama unavyopanga maneno ya kamusi, hujipanga zenyewe kwa mfuatano wa wakati, hata katika lugha dhaifu zisizojua kulinganisha tarehe. Na anayefungasha faili za amri za Windows asiutegemee ule mwandiko wa tarehe ambao mfumo humpa, kwa kuwa sura yake hufuata mipangilio ya kila kompyuta. Kilichofanya kazi kwako Diani chaweza kugoma Msambweni kwa sababu tu laptopu ya huko ilinunuliwa ikiwa na mipangilio ya Kimarekani.

Kisha amua siku inaisha lini, na jambo hili lina uzito kuliko linavyoonekana. Ukiiambia kompyuta tarehe bila saa, lugha nyingi hufahamu ni mwanzo wa siku hiyo, saa sita za usiku inapoingia, na hivyo programu uliyosema itafanya kazi "mpaka tarehe 8" hufa tarehe 8 kabla haijatumika hata dakika moja. Ukihesabu kwa saa za kimataifa ukasahau kwamba sisi tumezitangulia kwa saa tatu, itakufa saa tisa za usiku, na hapo hakuna atakayeelewa kwa nini. Na sisi watu wa pwani tuna la kwetu: usiku wa Ijumaa kwetu ni ule unaoingia Alhamisi jua linapokuchwa, ilhali kompyuta haijui maghribi. Andika wazi katika mapatano: mpaka mwisho wa Jumatano tarehe 8 Julai 2026, saa sita za usiku kwa saa za Nairobi, na msimbo useme neno hilo hilo.

Wako wanaotaka kusema "abadan", nao wakaandika mwaka 2099. Wajihadhari na zana za kale zihesabuzo wakati kwa sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970 katika nafasi ya biti 32, kwa kuwa nafasi hiyo hujaa tarehe 19 Januari 2038, saa kumi na mbili na dakika kumi na nne za asubuhi kwa saa zetu, na namba ikifurika hurudi nyuma hadi Desemba 1901. Na programu uliyoikusudia idumu milele ikajiona imekufa kabla babu yako hajazaliwa. Asiyetaka ukomo asiweke ukomo. Ni hivyo tu.

Zana za kufungashia zenyewe zimetofautiana. PyInstaller, ambayo ndiyo wanayoitumia wengi kwa Python, hukusanya skripti yako pamoja na mfasiri wake na maktaba zake katika furushi moja, lakini habari ya tarehe haiijui. Utaiandika wewe mwenyewe mwanzoni mwa skripti, kabla ya jambo lingine lolote. Shc, ambayo hugeuza skripti za bash kuwa programu, ina alama ya -e inayopokea tarehe, siku ikitangulia mwezi na mwezi mwaka, na alama ya -m inayopokea maneno ya kuonyeshwa muda ukiisha. Na usipoyaandika ya kwako, itatoa maneno yake ya Kiingereza ya kumtaka mtumiaji awasiliane na aliyempa programu, bila ya kumwambia ni nani. PyArmor, ya kusitiria skripti za Python, nayo ina -e yake, ambayo hupokea idadi ya siku au tarehe kamili, lakini pana jambo ambalo mtu wa Kibuyuni hana budi kulijua: kwa kawaida huuliza saa kutoka kwenye intaneti, na ukitaka itazame saa ya kompyuta yenyewe lazima utangulize nukta mbele ya tarehe. Asiyeijua nukta hiyo atawapa akina mama programu inayohitaji bando kila asubuhi ili kupima mwani uliokwisha kukauka.

Hilo latuleta kwenye swali la saa ipi iaminiwe, na hapa nitakaa kidogo, maana ndipo mafundi wengi wanapowadhulumu watu pasipo kujua. Kompyuta huhifadhi wakati, hata ikiwa imezimwa, kwa nguvu ya betri. Na katika zile za mezani, na laptopu nyingi za zamani, kazi hiyo hufanywa na kidonge cha CR2032 kilicho bapa kama sarafu. Betri hiyo ikifa, kompyuta huamka kila umeme unapokatika ikidhani ni mwaka wa kutengenezwa kwake. Basi fikiria fundi aliyesoma mahali kwamba watu hurudisha saa nyuma ili kuihadaa programu, akaandika ya kwamba saa ikionekana imerudi nyuma, programu itoe onyo la wizi na kujifunga daima. Bibi wa watu, ambaye hajawahi kuigusa saa ya kompyuta, anafungua asubuhi baada ya umeme kukatika usiku, naye anaambiwa mbele ya wenziwe kwamba ni mdanganyifu. Hakuna kilo ya mwani inayostahili fedheha hiyo.

Mimi hufanya hivi. Programu ikikuta kwamba tarehe ya kompyuta iko nyuma ya siku ile niliyoifungasha, au iko nyuma ya mzigo wa mwisho uliopimwa na kuandikwa katika hesabu, haisemi neno la hila. Husema tu kwamba saa ya kompyuta inaonekana haiko sawa, huonyesha tarehe inayoiona, na kumwomba mtumiaji airekebishe. Hesabu zenyewe ndizo shahidi. Kikundi kilichopima mzigo tarehe 2 Julai hakiwezi kuwa kinaishi mwezi wa Aprili, na shahidi huyo ni mkweli kuliko faili ya siri iliyofichwa katika kona ya mfumo, kwani faili ya siri hufutika kompyuta inaposafishwa, lakini hesabu za malipo kila mtu huzitunza. Intaneti ikiwapo, ulizia saa huko, isipokuwapo, usilalamike.

Na je, tarehe yenyewe ikae ndani ya faili iliyofungashwa? Kwa majaribio ya mwezi mmoja, ndiyo, haina haja ya kuitesa akili. Lakini kwa kikundi kitakachohuisha kila msimu, kufungasha upya kila mara ni adha, fauka ya kwamba antivairasi nyingi huzitilia shaka faili zilizofungashwa hata zikiwa safi kabisa, na kila toleo jipya huanza tena kushukiwa kama mgeni. Afadhali programu ibaki moja, na tarehe ikae kando katika faili ndogo ya leseni: mstari wa jina la kikundi, mstari wa tarehe ya mwisho, na mstari wa sahihi ya kidijiti. Sahihi hufanywa kwa ufunguo wa siri unaobaki nyumbani kwako, na programu hubeba ufunguo wa wazi unaoweza kuihakiki sahihi lakini hauwezi kuitunga; njia iitwayo Ed25519 yatosha, na maktaba zake ziko katika lugha takriban zote. Mtu akibadilisha tarehe kwa mkono, sahihi haitakubali. Na wakati wa kuhuisha unampelekea mweka hazina faili hiyo ndogo kwa WhatsApp, anaiweka penye ile ya zamani, kazi inaendelea. Huna haja ya kupanda matatu mpaka Shimoni.

Kijana mmoja aliniuliza, baada ya kunisikiliza yote haya, kama kufuli hilo haliwezi kuvunjwa. Laweza. Faili iliyofanywa na PS2EXE hutoa skripti yake nzima kwa kuombwa tu, kwa alama ya -extract iliyowekwa na watunzi wenyewe; furushi la PyInstaller lina zana zinazojulikana za kulifungua; na shc, pamoja na kusitiri kwake, lazima mwishowe imkabidhi mfasiri wa amri skripti iliyo wazi, na panapokabidhiwa kitu pana mahali pa kukinyakua. Kwa hiyo nywila za benki na siri za watu zisitiwe kamwe ndani ya skripti kwa kudhani zimefichika. Lakini kutokana na hayo haifuati kwamba ukomo hauna faida. Ua wa makuti haumzuii mwizi aliyeazimia, na bado huwaonyesha wapita njia mpaka uko wapi. Na wateja wetu, karibu wote, ni wapita njia waungwana. Msikeshe usiku mkiongeza vitasa juu ya vitasa, kwa kuwa kila kitasa ni mahali papya pa kukwama mtu mwaminifu, na siku ile ya aibu ilitosha kunifundisha hilo.

Lililo kubwa kuliko kufuli ni nini kinachofungwa. Ukomo ufunge chombo, usifunge mali. Kazi ya kupima mizigo mipya na kukokotoa malipo yaweza kusimama tarehe ikitimia, lakini hesabu za zamani ni za akina mama, nazo zibaki zinasomeka, zinachapika, na zinaweza kutolewa kama jedwali la kawaida linalofunguka katika kompyuta yoyote. Na yafaa data hiyo tangu mwanzo iandikwe kwa namna iliyo wazi, hata kama hakuna anayeomba. Ukishika kanuni hii, makosa yako mengine yatasameheka. Wala usidhani wakubwa hawakosei: tarehe 6 Desemba 2018 wateja wa O2 nchini Uingereza, kwa hesabu iliyotangazwa zaidi ya milioni 30, walikosa intaneti ya simu karibu siku nzima, kwa kuwa cheti kilichomo ndani ya programu ya Ericsson kilikuwa kimefikia tarehe yake ya mwisho pasipo mtu kukumbuka. Nilipoisoma habari ile nilijiona sina upweke, ingawa mimi nilikuwa na mzani mmoja tu.

Kisha chagua tarehe kama mvuvi achaguavyo siku ya kutoka. Mwani huvunwa baada ya majuma kama sita, na kazi yote ya shambani hufuata bamvua ya mwezi mchanga na ya mwezi mpevu, pale maji yanapokupwa sana hata watu wakaweza kusimama kati ya kamba zao. Baina ya hizo bamvua mbili ni maji mafu, ambapo bahari haijai sana wala haikupwi sana, na akina mama wako nyumbani. Ukomo uangukie hapo. Tarehe 8 Julai niliyoitumia katika mifano yangu nimeichagua kwa kalenda, maana mwezi utakuwa nusu ukielekea kufa. Kwa kazi nyingine utapata kalenda nyingine: duka la pembejeo lisikatiwe mwanzo wa mvua za masika, wala shule siku ya kufungua, wala mtu yeyote kati ya mwisho wa Ramadhani na sikukuu, wakati simu ya fundi mwenyewe haishikiki.

Onyo lianze siku thelathini kabla, kwa mstari mmoja juu ya kioo, usiomzuia mtu kufanya kazi. Zikibaki siku saba, mstari uwe mwekundu. Na tarehe ikipita, yaani ikipita kweli, ziongezwe siku kumi na nne za ihsani ambazo programu hufanya kazi yote huku ikinung'unika. Mimi hupendelea kumi na nne kwa kuwa hapana kipindi cha namna hiyo kisichopata bamvua na maji mafu ndani yake. Baada ya hapo chombo kifunge, na maneno yake yawe ya adabu. Yangu siku hizi ni haya: "Leseni ya kikundi chenu ilikwisha tarehe 8 Julai 2026. Hesabu zenu zote zipo salama, mnaweza kuzisoma na kuzichapa. Kupima mizigo mipya kutafunguka mkihuisha. Pigeni simu kwa nambari iliyo katika karatasi ya mapatano." Sikuandika neno la kutisha hata moja, na hulipwa mapema kuliko zamani.

Kabla ya kukabidhi, jaribu kwa kuisogeza mwenyewe saa ya kompyuta: siku moja kabla ya ukomo, siku yenyewe asubuhi na usiku, siku moja baada, siku ya kumi na tano baada, kisha irudishe nyuma miaka kumi kama kwamba betri imekufa. Fanya hivyo katika kompyuta yenye mpangilio wa tarehe wa Kimarekani pia. Ni kazi ya nusu saa. Laiti ningeifanya mwaka ule.

Limebaki moja ambalo vijana hawalipendi, kwa sababu ujana haulipendi: wewe waweza kufa kabla ya programu, au ukasafiri kwenda kutafuta riziki Maskati usirudi kwa miaka, na akina mama wakabaki na chombo ambacho hapana awezaye kukihuisha. Mimi nimeandika leseni moja isiyo na ukomo kwa kila kikundi ninachokihudumia, nikaitia katika fleshi, nikaifunga ndani ya bahasha, na bahasha hiyo iko kwa mwenyekiti pamoja na hati za kikundi, na juu yake pameandikwa ni lini ifunguliwe na mbele ya mashahidi gani. Hata sasa sijasikia iliyofunguliwa.

Kikundi kile cha mwaka 2023 bado ni wateja wangu. Tarehe ya mwisho ya programu yao imeandikwa kwa chaki juu ya ubao wa bei karibu na mzani, chini ya bei ya kilo, na mweka hazina huifuta na kuiandika upya kila ninapompelekea leseni. Yule bibi huipitisha macho kila anapoingia. Daftari lake la jalada gumu analileta siku zote za kupima, hulilaza chini ya meza penye laptopu, na kalamu imechomekwa katikati ya kurasa.